Jiwe la Mpaka la Mama Wabkheti

Sikilizeni, enyi mnaokaa juu ya Mto na enyi mnaokaa chini yake, wenye ng'ombe na wenye bata! Huya mwana wa Ramosi, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shule ya hekalu, Msomaji Mkuu wa Ngazi za Maji, Jicho la Mto Wenyewe, anatangaza kwamba maji hayatafika kwenye alama ya tuta kabla ya siku tatu kamili. Laleni salama. Mwenye kazi shambani aimalize polepole.

Hayo niliyatangaza mimi, adhuhuri, nikiwa juu ya ukuta wa hekalu, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bwenini wiki nzima. Alfajiri yake ngoma zikalia, wanaume wakalikata tuta kwa majembe ili kuupisha Mto, na maji mekundu yakaingia mashambani bila kubisha hodi. Mimi niliyatazama kutoka juu ya paa, nikiwa na ndara moja mguuni. Ya pili Mto ulikuwa umeshaichukua.

Niseme kweli kuhusu usomaji wangu. Ngazi za maji zimechongwa kwenye mwamba, nazo ni nyingi. Kazi ya mwanafunzi wa zamu ni kushuka mpaka miguu ilowe, kuhesabu, kupanda, na kutangaza. Ngazi za chini zina utelezi, na siku ile nilikuwa nimekula tende kupita kiasi. Kwa hiyo nilichungulia kutoka juu, kivulini, nikakadiria. Msomi hukadiria. Kwa bahati mbaya Mto haukuwa na habari kwamba nimekadiria.

Kosa hilo peke yake lingekwisha kwa fimbo sita, na fimbo sita kwetu sisi wa bweni ni kifungua kinywa. Balaa ni kwamba, kwa kujiamini kwamba nina siku tatu, mchana uleule nilikuwa nimefanya jambo jingine. Nilikuwa nimehamisha jiwe la mpaka.

Mwalimu wetu, Merira, amepewa na hekalu shamba la kujikimu, la vitunguu na kitani. Shamba hilo limepakana na kipande cha Mama Wabkheti, mjane wa mfyatua matofali mmoja, na kati yao limesimama jiwe linalofika gotini. Mwalimu Merira alikuwa na kawaida ya kutuambia, kila tulipokosea hesabu, kwamba yeye analijua shamba lake hata akifumba macho, na kwamba kila asubuhi hulizunguka hivyo, macho yamefumbwa, akimshukuru Mungu wa Mto. Mtu akishasema maneno kama hayo mbele ya wavulana arobaini wa bweni, basi amejitakia.

"Tukilisogeza hatua kumi na mbili, atajikwaa kwenye shimo lake," nilimwambia Ipui, mwenzangu wa mkeka mmoja, mvulana mwenye mabega ya punda na moyo wa kuku.

"Kusogeza jiwe la mpaka ni dhambi, Huya. Moyo wako utakusema siku utakapopimwa kwenye mizani ya wafu."

"Moyo wangu una shughuli nyingine. Kesho asubuhi tunacheka, kesho jioni tunalirudisha. Tuna siku tatu nzima."

"Nani kasema?"

"Si nimetangaza mimi?"

Kwa hoja nzito namna hiyo, Ipui akaenda kutafuta mti wa kung'olea. Saa ya jua kali, watu wote wakiwa ndani, tuling'oa jiwe kwa mti, tukalibeba kuelekea kwenye kitani cha mjane, tukalisimamisha hatua kumi na mbili ndani ya ardhi yake. Shimo la zamani tulilifunika kwa nyasi. Alfajiri, kama nilivyosema, Mto ukaja.

Kwa siku tisini Nchi Nyeusi, bonde letu lote la Mto, ikawa ziwa. Vijiji vikawa visiwa, mbwa wakajifunza kukaa juu ya mapaa, na wakulima wasio na la kulima wakaitwa kuvuta mawe ya hekalu kwenye mashua, kwa sababu wakati wa furiko hata mlima unaweza kusafiri kwa maji mpaka mlangoni. Furiko lilifika dhiraa kumi na sita, kipimo cha shibe. Wanawake wakapiga vigelegele. Makuhani wakachinja. Watu wote wakausifu Mto isipokuwa wavulana wawili.

"Omba maji yaliangushe lile jiwe," Ipui alininong'oneza kila usiku, mpaka nikamtishia kumhamisha yeye.

Ninamfahamu Mama Wabkheti vizuri. Mwanawe yuko machimboni, kwenye Nchi Nyekundu, kule jangwani, na barua zake zikifika mimi ndiye ninayemsomea. Hunilipa kwa kunishonea vazi langu linapochanika, na huchanika sana, kwa sababu kuta za bweni ni ndefu. Kipande chake ni chembamba, na ile sehemu tuliyoikata kwa utani wetu ndiyo bondeni, mahali maji yanapokawia na kitani kurefuka. Kitani hicho ndicho kinachotoa uzi mwembamba, na uzi huo ndio unaomlisha. Yote hayo niliyajua kabla ya kushika jiwe. Siku ile sikuyafikiria, basi.

Maji yalipopungua, ardhi ilibaki nyeusi na laini kama uji, haina njia, haina mfereji wala mpaka. Ndivyo Mto unavyotufanyia kila mwaka. Unafuta kila kitu, nasi tunaanza kuandika upya. Mwalimu Merira hutuambia kwamba hesabu zote tunazosoma zilizaliwa na tope hilo. Nami nimewahi kumjibu kwamba kama Mto ungekuwa na adabu, sisi tungekuwa tunacheza.

Wakaja wavuta kamba, wapimaji wa mashamba. Mkuu wao, Bwana Kenna, ni mtu mfupi asiyecheka, mwenye kamba ya dhiraa mia iliyofungwa mafundo, na fimbo ya kiapo yenye kichwa cha kondoo dume. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa nne humsaidia. Ipui alipewa kamba aibebe begani. Mimi, kwa akili zangu maarufu, nilipewa kuhesabu mafundo.

Tulipofika kwenye shamba la Mwalimu, jiwe lilikuwa limesimama wima, limezama kwenye tope mpaka nusu, kana kwamba lilizaliwa pale. Mama Wabkheti alikuwa amefika kabla yetu, jembe mkononi.

"Mwalimu, jiwe lako limetembea," alisema.

"Shikamoo kwanza, mama," Mwalimu Merira akamjibu kwa upole. "Na jiwe halina miguu."

"Basi limebebwa na wenye miguu."

Wavuta kamba wakacheka. Ipui akakohoa. Nikamkanyaga.

"Mama," Bwana Kenna akasema, "una ushahidi, au una kelele tu?"

"Ushahidi ni macho yangu. Hapa bondeni maji hukawia siku tano baada ya kwingine kukauka. Miaka kumi na tisa ninavuna hapa. Wewe unadhani sijui pahala ninapolowa matako nikivuna?"

"Mwaka huu Mto umekula ukingo kule, umejaza huku. Bonde linahama. Jiwe halihami." Bwana Kenna akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mwalimu Merira alilizunguka jiwe. Kwa macho wazi, safari hii. "Mimi naliona liko palepale," alisema. "Sijawahi kusogeza hata kikombe cha mtu. Niko tayari kuapa."

Hapo ndipo utani wangu ulipoanza kuninyonga. Mwenye shamba akishika jiwe na fimbo ya kondoo dume, akaapa kwa mungu mkuu aliye mbinguni kwamba jiwe limesimama mahali pake, kamba huvutwa, karani huandika, na mjadala umekwisha mpaka furiko lijalo. Atakayebisha baada ya hapo huchapwa. Mwalimu angeapa uongo kwa moyo safi kabisa, na Mama Wabkheti angebaki na ukanda mkavu usioweza kulisha mbuzi.

"Apa, Mwalimu," mjane akasema, sauti imemshuka. "Wewe ni mtu mwema, sikulaumu. Niambie tu mwaka huu nisokote nini. Nisokote kiapo chako?"

Mwalimu akasogea, akanyoosha mkono kuelekea kwenye jiwe.

Ningeweza kusema kweli pale pale. Badala yake, kwa kuwa mimi ni mimi, niliona njia ya kumwokoa mjane, kumwokoa Mwalimu, kuuokoa mgongo wangu, na kusifiwa juu yake.

"Bwana Kenna," nikasema, nikipiga hatua mbele kama waziri. "Kwa ruhusa yako. Jiwe likisimama miaka mingi huacha shimo. Likiondolewa, shimo hubaki, na Mto hulijaza. Tope jipya halina mizizi, tena ni laini. Tukichomeka kijiti ardhini, kwingine kitagonga udongo wa zamani. Kwenye shimo kitazama."

Hata Bwana Kenna alikunja uso kwa namna iliyofanana na heshima.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu Merira, bwana," nikadanganya kwa ukarimu. Mwalimu akashangaa, lakini hakukataa.

Mama Wabkheti hakungoja ruhusa. Alinyakua kijiti cha kupimia, akaenda mahali alipoamini, akachomeka. Kikagota. Akajaribu mbele kidogo. Kikagota. Akajaribu nyuma.

"Mama, huko unatafuta kaburi la babu yako?" mvuta kamba mmoja akamtania.

"Nyamaza wewe, mwenye mdomo kama kiboko!"

Akachomeka tena. Kikagota. Bwana Kenna akaanza kuitikisa fimbo yake, ishara ya mtu anayetaka kwenda kula.

"Kidogo kushoto, mama," nikasema.

Akasogea kushoto. Kijiti kikazama mpaka kwenye ngumi yake.

Akapiga magoti, akatia mkono, akautoa umejaa tope jeusi tititi, laini, bila uzi hata mmoja wa mzizi. Akauinua juu, tope likimtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Haya!" akapaza sauti. "Mto umesema! Mwenye masikio na asikie!"

Wavuta kamba wakapiga makofi. Mwalimu Merira aliurudisha mkono wake kutoka kwenye jiwe kama aliyeungua, akavuta pumzi, akasema, "Asante, mama. Ulikuwa unaniokoa na mimi ninakuona mkorofi." Nami, nani angenilaumu, nilihisi nimekua dhiraa mbili. Niliwaza jinsi watakavyolitaja jina langu kwenye kila furiko.

"Vizuri," akasema Bwana Kenna. "Tupime limetoka umbali gani, karani aandike. Kutoka kwenye shimo mpaka kwenye jiwe ni..."

"Hatua kumi na mbili," nikasema.

Nilisema kwa sauti nzuri, yenye uhakika, ya msomi.

Mwalimu Merira alinigeukia polepole.

"Huya."

"Naam, Mwalimu."

"Kamba bado iko begani kwa Ipui."

"Nimepima kwa macho, Mwalimu."

"Macho yako yana mafundo?" Akazipiga hatua mwenyewe, kutoka kwenye shimo mpaka kwenye jiwe, akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alipofika alisimama. Hakuhitaji kututajia idadi. "Na ile 'kidogo kushoto'? Nayo uliipima kwa macho?"

Nilimtazama Ipui. Ipui alikuwa anatazama mbingu. Nilimtazama Mama Wabkheti. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko, naye ananitazama kama mtu anayesoma barua yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Wewe, mwanangu?" akauliza. "Ninayekushonea?"

Bwana Kenna akaninyooshea ile fimbo. "Shika," akasema. "Sema."

Nikashika. Kichwa cha kondoo dume kilikuwa na joto la jua. Nilitafuta maneno makubwa, yale ya juu ya ukuta, nikakuta hakuna hata moja.

"Ni mimi," nikasema. "Ipui alibeba, lakini wazo ni langu na ulimi uliomshawishi ni wangu. Tulitaka Mwalimu ajikwae tucheke. Nilidhani kuna muda wa kulirudisha. Mama, kipande ni chako. Nilijua siku zote tisini, na nilikuwa nakusomea barua nikijua, na sikusema kwa sababu niliogopa kuchapwa. Leo pia nilitaka kukupa haki yako bila kulipa mimi."

Mama Wabkheti alijifuta mkono kwenye nyasi, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Utalirudisha jiwe wewe mwenyewe," akasema. "Kwa mikono. Na kitani changu utakipalilia mpaka kivunwe."

"Ndiyo, mama."

"Ukimaliza kwa mama, utakuja kwangu," akasema Mwalimu Merira. "Kuna jingine, Huya? Sema sasa, fimbo ikiwa bado mkononi."

Nilifikiria kunyamaza. Kisha nikautazama ule mkono wa mjane.

"Siku ile tulipomaliza kuhamisha jiwe, Mwalimu, tulikuwa na njaa. Tuling'oa vitunguu vyako."

"Vingapi?"

"Vitatu," nikasema. Bwana Kenna akaigonga fimbo kwa kidole kimoja.

"Saba, Mwalimu. Na Ipui alikula kimoja tu."