Bakuli la Mzizi Mkali

"Mama Getruda, hivi huo mzizi wako unaweza kuua mtu?"

Jirani yangu Idda aliniuliza hivyo tulipokuwa tunachota maji, wiki ile tuliyomzika mume wangu, Kornelio. Hapo nikajua maneno yameshazunguka kijiji, nikajua na kinywa yalikotoka.

Mzizi wenyewe nilipewa na Sista mmoja Mjerumani kule Uwemba, nilipokuwa nasoma shule ya misheni. Kwa nje ni kama muhogo mwembamba wenye udongo. Ukiukuna kwenye bati lililotobolewa kwa msumari, ukali wake unapanda puani mpaka utosini, machozi yanatoka yenyewe. Sista alinifundisha kuula na nyama ya kuchemsha na viazi. Unakunwa mwishoni kabisa, watu wameshakaa kula, unatiwa chumvi na siki. Ukiutia chunguni, ukali unakufa. Ukiuacha wazi bila siki unapoa vilevile, unabaki makapi. Siki yangu mimi ilikuwa ulanzi uliochacha, ile pombe ya mianzi. Kornelio aliupenda mzizi huo, alisema unamfungua kifua.

Kornelio alikuwa mpakiaji wa malori Makambako. Jioni moja kilabuni huko huko, mdogo wake Tarsis alimwangusha akampiga mateke ya tumbo, wakigombea shamba la marehemu baba yao. Tarsis alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, amerudi kutoka vitani Burma na buti zake. Lori likamleta mume wangu nyumbani. Akaomba chakula, akala kidogo na mzizi wake mbele ya mama yake, kisha akaanza kutapika damu. Hicho ndicho watu walichokiona. Habari ya mateke aliniambia mimi peke yangu.

"Usimwambie mama," akasema. "Serikali itamnyonga Tarsis, naye atazika wawili."

Nikamwahidi mbele ya msalaba, na baada ya siku chache akafa.

Jumapili, nimetoka misa, Tarsis akaja na binamu zake. Mbwa wangu alibweka, wakampasua kichwa kwa mpini wa jembe. Tarsis akanishika nywele, akaniburuta mpaka uani, akanipiga rungu la bega, na nilipojaribu kuinuka akanipiga la mdomo. Jino likatoka. Mwanangu Getruda alikuwa analia ndani, nami nikamwambia abaki humo humo. Watu wakajaa. Mama mkwe akafika na fimbo yake, akaketi juu ya kinu.

Tarsis akatangaza kwamba nimemlisha kaka yake sumu. Niondoke kama nilivyokuja, niache shamba na mtoto. Kama nabisha, nile bakuli zima la mzizi huo mbele ya watu. Ukiniangusha, nimeua. Mzee mmoja akanong'ona kwamba serikali imekataza mwavi, kile kiapo cha kunywa sumu. Tarsis akacheka, akasema huu si mwavi, ni mboga ya shemeji yake.

Akanikunisha bakuli likajaa. Kisha akaamuru liachwe juani mpaka wazee wote wafike, kwa kuwa wazee husema mwavi ukikaa ndipo unapokomaa. Mimi nikanyamaza. Sikuulizwa. Nikapiga magoti nikasali rozari yangu, damu ikinidondokea vidoleni.

Wazee walipotimia nikalichukua bakuli.

"Siapi kiapo chenu," nikasema. "Nakula chakula changu."

Nikala. Kidonda cha jino ndicho kilichoniuma. Mzizi wenyewe ulikuwa makapi matupu. Nikamaliza, nikasimama mbele yao.

Watu wakaanza kuguna. Ndipo mama mkwe akasema, "Zamani mshtaki naye alikunywa."

Tarsis akasema aletewe hata ndoo. Mama akachukua mzizi mwingine kikapuni, akaukuna mwenyewe, machozi yakimtiririka, akampa papo hapo. Tarsis akabugia konzi nzima. Akasimama kidogo, macho yamemtoka. Kisha akaanguka magotini, akikohoa, kamasi zinamshuka mpaka kidevuni.

"Burma walikupa nini, baba?" Idda akamwuliza. "Uji?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomtia wazimu. Akainuka, akanijia macho kayafumba nusu, akanipiga teke la paja, la pili, la kisigino, likanipata tumboni. Nikaanguka chini nikijikunja, pumzi imekatika. Wanaume wakamkamata, wakamkalisha kwa nguvu.

Mama mkwe akaja akapiga magoti kando yangu, akafunua nguo aone nilipoumia. Tumboni palikuwa na vidoa vyekundu, vimejipanga kama ukwato wa punda, na pengo upande mmoja. Akavigusa kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akimkanda Kornelio tumbo, lenye vidoa kama hivyo, kwa maji ya moto siku zile za mwisho. Mimi sikutamka neno. Ahadi ni ahadi.

"Mwinueni mguu," akawaambia waliomshika Tarsis.

Wakamwinua. Soli ya buti ilikuwa na misumari kuzunguka kisigino, na mmoja umeng'oka.

"Nilidhani ni ugonjwa," mama akasema. "Nikawa namkanda."

"Mama," Tarsis akasema, "ulikuwa ulanzi, mama, mimi sikukusudia."

Mama akavua shuka lake, akanifunika. Akaokota fimbo, akapita mbele ya miguu ya mwanawe bila kumtazama. Akatoka uani, akashika njia ya kwa jumbe.