Maji ya Mama Mashuka

Manesi ndio waliompa jina la Mama Mashuka, na jina likamganda. Alianza kufua mashuka ya hospitali binti yake akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akaendelea mpaka siku walipomuaga kwa keki na soda. Mume alikuwa amekufa mapema. Watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume, walisomeshwa na mikono ile iliyochubuka kwa sabuni.

Alipostaafu alisema sasa atakaa kitako apumzike. Wapi! Akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Yalitangulia majina ya watu. Ikafuata njia ya kwenda dukani, halafu ikafutika habari kwamba mumewe alikwisha kufa, akawa anamtengea chakula na kununa akichelewa kurudi. Kitu kimoja tu hakikumponyoka: kufua.

Kila asubuhi alijifunga kanga kiunoni, akaburuta kigoda mpaka kwenye bomba la uani, akafungua koki yote. Alifua mashuka aliyoyafua jana. Alifua mapazia, mito, koti la marehemu, hata mkeka. Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakafuata mfereji wa saruji hadi nje, na yeye hakufunga. Alitaka maji yawe yanamwagika muda wote, kama kule kwenye mabirika ya hospitali. Akisikia mlio ule alitulia. Alizungumza na wenzake waliokwisha kufa, akacheka, akawagombeza manesi wa wodi ya wazazi kwa kuchelewesha nguo. Mchana alikula vizuri na kulala usingizi mnono.

Binti yake alikuwa mshonaji. Alihamishia cherehani barazani ili jicho moja liwe kwenye pindo na lingine kwa mama. Mdogo wake, ambaye kazini walimwita Spana, alikuwa fundi wa idara ya maji ya mji, na aliishi nao kwenye chumba cha uani.

Mita yao ya zamani ilikuwa imekufa siku nyingi. Kioo chake kilishikwa na ukungu, na msoma mita akija alitazama juu, akakisia, akaondoka. Nusu ya mji ilikuwa hivyo. Huko chini maji yalimwagika ovyo, na watu wa mlimani walifungua mabomba yakawatolea upepo. Ndipo gari la matangazo lilipoanza kuzunguka mitaani likitangaza mita za kisasa, zinazojisoma zenyewe na kupeleka habari ofisini kwa mtandao, bila mtu kubisha hodi.

Spana aliipenda kazi ile ya kufunga mita mpya. Alikwenda mlimani akaona wanawake wakibeba madumu kichwani, na moyoni aliamini kwamba safari hii idara imefanya jambo la maana.

"Dada, hii mita ina akili," alisema jioni moja, akiwa ameishika mkononi kama mtu aliyebeba kifaranga. "Maji yakipita muda mrefu bila kusimama, inajua bomba limepasuka. Inafunga yenyewe, papo hapo. Hata kama hamko nyumbani."

"Na mama je?" dada yake aliuliza, uzi ukiwa mdomoni.

"Mama anafua tu, dada. Kufua si kupasuka kwa bomba."

Mtaa wao ulipofikiwa, Spana aliomba nyumba yao aifungie mita yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aje kuchimba uani kwa mama yake. Alikata bomba, akafunga mita, akakaza, akabana lakiri ya idara ili isichezewe. Mama alikuja akasimama nyuma yake na kikombe cha maji.

"Kunywa, fundi. Jua kali hili. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Mwangalie vizuri basi," alisema, akachukua kikombe, akaenda kukisuuza.

Mita ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa kwenye maelezo yake. Asubuhi iliyofuata, mashuka yakiwa yametapakaa povu, bomba lilikoroma, likatema mate mara mbili tatu, likanyamaza. Mama alifungua koki, akafunga, akafungua. Akagonga bomba kwa kiganja. Mwisho akasimama na shuka linalochuruzika mkononi, uso umempauka.

"Wamenifungia," alimwambia bintiye. "Nimefanya kosa gani? Waambie nitafua. Wodi ya wazazi wanasubiri, watoto watalazwa kwenye nini?"

Dada mtu alimpigia simu Spana, aliyekuwa ndani ya shimo mtaa wa pili.

"Imefikiri bomba limepasuka," alisema Spana kwa sauti ndogo. "Piga namba ya huduma, watafungua."

Alipiga. Sauti ya kike iliyorekodiwa ikamwambia abonyeze hiki, abonyeze kile, asubiri, simu yake ni muhimu. Maji yalirudi jioni. Mama alikuwa amekaa mlangoni na nguo zilizokauka na sabuni yake, hataki kula.

Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho kutwa.

Spana alikwenda kwa msimamizi wake, mwanamke kijana aliyesomea uhandisi, mtu wa watu, asiyepandisha sauti. Alimweleza yote. Msimamizi akasogeza kiti, akafungua kompyuta ili naye aone.

"Hebu tazama. Kuna uvujaji, kuna mita mbovu, kuna mita iliyochezewa. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu ni mgonjwa."

"Si uzime hicho kitu cha kufunga? Nyumba moja tu."

"Mimi sina ruhusa hiyo. Wenye ruhusa ni wale waliotuuzia mfumo. Nitawaandikia leo leo."

Aliwaandikia kweli, akawaandikia tena. Jibu lilikuja likisema ombi limepokelewa. Baada ya hapo, kimya.

Ndugu wawili wakabaki kuhangaika wenyewe. Walijaza mapipa wakamwambia mama afue humo. Aliingiza mkono, akautoa. "Haya yamelala," alisema, akaenda kukaa mbele ya bomba kavu. Spana akapata wazo: kama maji yakikatwa kidogo, hata kwa muda wa kunywa chai, mita ingeanza upya kuhesabu, isingefunga. Ikawa kazi ya dada mtu kuacha cherehani kila baada ya kitambo, kwenda uani na kufunga koki huku mama akifua.

Mama alimwona kama mwizi. Mara ya kwanza alimsihi. Mara ya pili alimkamata mkono. Baadaye alimzaba kibao cha shavu, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mwanawe hata utotoni.

"Huyu mwanamke ananifuata kazini!" alipiga kelele. "Mtoeni! Anataka nifukuzwe!"

Dada mtu alirudi barazani, akashona huku machozi yakidondokea kitambaa cha mteja. Jioni alimwambia mdogo wake, "Wewe uko mitaani unawafungia watu. Mimi niko hapa nakula makofi."

"Vumilia kidogo, dada. Watajibu."

"Nani atajibu? Ile sauti ya kwenye simu?"

Asubuhi Spana alibeba mkoba wake akaenda kufunga mita nyingine, na kila alipobana lakiri alijikuta akichungulia kwa ndani aone nani anaishi mle.

Siku iliyoharibu mambo ilianza vizuri. Mama aliamka mchangamfu, akaimba. Barazani akaja bibi harusi na shangazi zake kujaribu gauni. Mabega yalibana, ikabidi lifumuliwe. Shangazi mmoja anataka hivi, mwingine vile, mshonaji amejaza pini mdomoni. Alikumbuka bomba akashtuka, akasema moyoni nikimaliza bega hili naenda. Alipokwenda, uani kulikuwa kimya. Bomba limekauka. Kigoda kimepinduka. Mashuka yako chini kwenye povu, ndoo haipo, na geti dogo la nyuma liko wazi.

Aliacha bibi harusi na pini zake, akatoka mbio bila viatu. Aliuliza kwa muuza duka, kwa fundi baiskeli, kwa wanafunzi waliokuwa wanarudi nyumbani. Ndiyo, walimwona bibi mmoja na ndoo. Alikuwa anagonga kila geti akiomba maji yanayotembea. Wengine walimpa kikombe, akamwaga. Wengine walidhani ni ombaomba wakafunga.

Spana alipopigiwa simu alitupa chombo alichoshika, akakimbia na matope yake mpaka magotini. Walitafuta mchana kutwa. Ni msimamizi, aliyekuja kuwasaidia, aliyefikiria hospitali. "Alifanya kazi wapi?" aliuliza, akawasha gari yeye mwenyewe.

Walimkuta nyuma ya hospitali. Chumba cha kufulia cha zamani kilikuwa kimegeuzwa stoo, mlango una kufuli. Nje ya ukuta ulipita mtaro wa maji machafu ya jengo zima, na humo ndimo alimokaa Mama Mashuka, maji yakimfika kiunoni, akifua kilemba chake. Mlio wa maji ulikuwepo. Alikuwa ametulia, anazungumza na wenzake. Maji yaliyomzunguka yalikuwa na wekundu, maana chini kulikuwa na vioo vya chupa za dawa na yeye alikuwa akisugulia humo humo.

"Mama," Spana aliita, akashuka mtaroni.

"Ngoja nisuuze," alisema.

Walimlaza hospitali ile ile. Mkono wa kulia ulivimba hadi kwenye kiwiko, homa ikapanda, daktari akazungumza habari za kuukata. Haukukatwa. Lakini alilala juu ya shuka la hospitali muda mrefu, mikono yote imefungwa bandeji, na hakuna nesi hata mmoja aliyemfahamu. Wale waliompa jina walikuwa wamekwisha kuondoka.

Jioni ya siku ile ile ya mtaroni, Spana alirudi nyumbani, akachukua spana yake kubwa, akakata lakiri aliyoibana kwa mkono wake. Aling'oa mita na mahali pake akaunga bomba tupu. Dada yake alisimama akimtazama.

"Ungefanya hivi mwanzo," alisema.

"Ningefukuzwa kazi."

"Najua," alijibu dada mtu, akaingia ndani. Tangu hapo walisemezana yale ya lazima tu: dawa, uji, zamu ya kulala hospitali.

Kufukuzwa hakukuchelewa. Mita ilikuwa imemshtaki yenyewe ofisini mara tu ilipoguswa. Msimamizi alikuja kwa miguu yake, akakaa barazani ameshika tama.

"Nimewaeleza wakubwa kila kitu. Wamesema fundi akianza kung'oa, wananchi watafanya nini?" Machozi yalimlengalenga. "Naomba kitambulisho chako. Na watakuja kufunga nyingine. Nimeomba wachelewe kidogo, mama akitoka ayakute maji."

Spana alimpa kitambulisho. Hakumchukia. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kukosa mtu wa kumchukia.

Mama alirudi amekonda, mikono imepona, makovu yamevutana. Dada mtu alikuwa amekiweka kigoda mahali pake, akatoa shuka jeupe na kipande kipya cha sabuni. Spana alimshika mama kwapani, akamkalisha polepole. Kisha akafungua koki yote. Maji yakatoka kwa nguvu, yakapiga ndani ya ndoo, yakajaa, yakafurika kuelekea mferejini. Hakuna kitu cha kuyafunga tena.

Mama alitazama. Maji yalimrukia miguuni, akairudisha nyuma.

"Fua, mama," dada mtu alimbembeleza, akamwekea shuka mapajani. "Wodi ya wazazi wanasubiri."

Mama aligeuza shuka upande huu na upande ule, kama mtu aliyepewa kitu cha watu awashikie. Akalishika tu. Akatazama bomba tena, uso umekunjamana.

"Zimeni hicho," alisema. "Kinapiga kelele."

Walingoja. Labda ni uchovu, labda kesho. Kesho walimkalisha tena, na kesho nyingine. Dada mtu alichovya vidole vya mama kwenye povu, akavisugua pamoja kumkumbusha. Mama aliacha afanyiwe, kisha akauliza kama ni lazima wakae juani. Hakupiga mtu tena. Hakuimba wala kuzungumza na wenzake. Alikuwa ametulia hivi kwamba majirani waliokuja kumjulia hali walisema afadhali, amepona.

Mafundi wa kufunga mita nyingine walikuja asubuhi moja. Aliyeongoza alikuwa amechimba mashimo na Spana miaka na miaka. Alimsalimu bila kuinua macho, akafanya kazi haraka haraka, akakusanya vyombo. Spana alimshikia bomba lisiteleze, kwa mazoea, kisha akanawa.

Ndani, dada yake alikuwa amemlaza mama kwa ubavu anambadilisha shuka, maana sasa hata haja hakuwa anaisema. Spana aliingia akashika upande wa pili. Walilivuta lile lililolowa, wakatandika kavu, wakamgeuza. Mama aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, bila swali lolote usoni.

"Leta hilo nikalifue mimi," alisema Spana.

"Acha," dada yake alisema. "Nenda katafute kazi."

Dada mtu akalichukua shuka chini ya kwapa, akatoka nalo.