Isihaka Darini

Kila Jumamosi baada ya chai, baba huingia chumba cha magitaa, hukaa kwenye kigoda chake, hupangusa viganja kwenye suruali na kusema, "Haya, Bright. Mlete Sadock."

Namletea Sadock. Ni gitaa la besi, zito kama mtoto aliyelala.

Baba huyaita magitaa yake kwa majina ya watu waliokuwa wakiyapiga. Ujanani alikuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge kule tambarare, upande wa Bendera. Shamba lilikuwa na bendi. Watu waliotoka Kigoma, Songea na Mbeya walikata mkonge wiki nzima, na Jumamosi wakapanda jukwaani na magitaa ya umeme. Bendi ilipokufa, baba akaanza kuyafuata magitaa, ya bendi yao na ya bendi nyingine, kama mtu anayefuata ng'ombe waliopotea. Moja alilipata kwa kubadilishana na baiskeli, moja kwa magunia mawili ya tangawizi. Jingine alilikuta Kileo, likizuia mlango wa banda la kuku. Sasa yako tisa, ukutani kwetu Vudee. Baba ana miaka sabini na mbili, na hayaoni. Presha ya macho ilimaliza kazi yake miaka minne iliyopita.

Macho ni mimi. Nashusha kila gitaa, nafuta vumbi, namwambia kutu imefika wapi, nakaza nyuzi mpaka sauti ikae. Gitaa lisilopigwa hulegezwa nyuzi, shingo isije ikapinda. Baba anaijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, lakini hajawahi kuniruhusu.

"Nyuzi hulegezwa za marehemu," husema. "Humu ndani hakuna marehemu."

Kwa hiyo ni nyuzi hamsini na mbili, kila Jumamosi, dirisha likiwa limefungwa ukungu usiingie.

Mwezi wa nne jina langu likatoka. Nina diploma ya maabara, na nilikuwa nasubiri ajira mwaka wa tatu. Kituo: hospitali ya wilaya, Nkasi, Rukwa. Kuripoti kabla ya tarehe thelathini. Nililisoma kwenye simu nikiwa shambani, katikati ya maharage, nikalia. Sikujua nalia kwa lipi.

Mimi si mtu wa kusema. Kanisani naimba sauti ya pili kwa sababu ya kwanza inasikika. Nikamwambia baba naenda Same kutafuta nyuzi, ilhali najua nyuzi hizo Same hazipo. Nikalala kwa shangazi Eliakunda, nikachapisha barua ya ajira, nikagongewa mihuri kwenye vyeti. Siku tatu. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mama namna ya kuyatunza: kitambaa kikavu, na jua likitoka, dirisha wazi.

Jua halikutoka.

Niliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinikasirikie."

"Kuna nini?"

"Isihaka ameota ukungu mgongoni, mweupe kama unga. Nikafuta, ukarudi. Nikampandisha darini."

Dari letu liko juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu hukaa huko kuanzia mavuno hadi masika, moshi ukiyapitia, na hakuna mdudu anayeyagusa. Nikapanda ngazi. Isihaka, gitaa jekundu, la kwanza kabisa kwa baba, alikuwa ananing'inia katikati ya mahindi kwa kamba ya mgomba. Joto lilikuwa limeyeyusha gundi. Ubao wa vidole ulikuwa umeachana na shingo, na bamba la plastiki la kifuani limejikunja kama jani kavu.

"Nilimfunga vizuri," mama alisema kutoka chini. "Hakuanguka hata kidogo."

Kwa mama, kila mbegu inayokaa darini huota ikipandwa. Angejuaje?

Baba hakumgombeza. Wakati wa makande alimtania. "Mama Bright, ungemtia na chumvi kabisa, tukamla Krismasi."

"Na wewe ungeomba nyama ya shingo," mama akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha baba akageuzia uso upande niliokaa.

"Siku tatu tu, Bright," alisema taratibu. "Siku tatu tu umetoka."

Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu, imekunjwa mara nne. Baadaye niliisukuma ndani ya sanduku nililomlaza Isihaka, chini ya kitambaa chake. Nani angefungua sanduku la gitaa lililovunjika?

Tarehe ishirini ikapita, ishirini na mbili, ishirini na nne. Kila nikienda bombani nilikariri: Baba, nina neno. Nikirudi na ndoo, neno limemwagika njiani. Ukungu ulishuka mpaka mlima wa ng'ambo ukafutika, na nikaanza kufikiri labda barabara ya kuteremkia Same nayo imefutika, na nitapata sababu isiyo yangu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na sita baba alikaa kwenye kigoda chake.

"Mlete Isihaka."

"Baba, Isihaka ni mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye anayetembelewa. Mlete na sanduku lake."

Nilitaka kulifungua mwenyewe, lakini vidole vyake vilifika kwenye vifungo kabla ya vyangu. Akamshika Isihaka, akapapasa pengo la shingoni. Kisha mkono ukaenda chini ya kitambaa, ukatoka na barua. Akaikunjua, akaipitisha puani.

"Nini hii?"

"Karatasi."

"Karatasi naijua. Nisomee."

Mama alikuwa shambani. Ningeweza kusoma chochote, na angeniamini, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Risiti," nilianza. "Risiti ya nyuzi, kutoka Same…"

"Mwanangu," baba alisema, bila ukali. "Nimetafuta nyuzi hizo Same miaka arobaini. Soma."

Nikasoma. Jina langu, cheo, kituo, tarehe, mpaka mwenye sahihi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kimefungwa na hakuna kilichopotea.

"Thelathini ni lini?"

"Jumatano."

"Na Nkasi ni safari ya siku ngapi?"

"Mbili, baba."

Alirudia kulipapasa lile pengo, mara nyingi, kwa kidole kimoja.

"Mama yako alimpeleka pale anapoweka kitu asichotaka kipotee, na ndiko alikoharibikia," alisema. Akamlaza Isihaka ndani ya sanduku na kufunga vifungo. "Haya. Mlete Sadock."

Nikamleta. Nikashika kifungio cha uzi wa kwanza. "Nikaze?"

"Legeza."

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Nikalegeza, uzi mnene ukaguna na kushuka mpaka ukakosa sauti. Nyuzi nne. Akasema, "Lugano." Sita. "Anderson." Sita. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza majina yakisomwa msibani. Mlango nilioutaka siku zote hizo ulikuwa unafunguka, na kila uzi ulioshuka niliusikia kama komeo ninalomfungia yeye.

Kwenye gitaa la tano vidole vilikataa.

"Baba, siendi."

"Bado wanne, Bright."

"Naweza kubaki. Nitawaandikia niwaambie…"

"Bado wanne."

Nililegeza watatu. Wa mwisho alikuwa Yona, gitaa dogo la rithimu. Nilipomshusha ukutani baba alinyoosha mikono, akampakata, akafunika vifungio vyote kwa kiganja.

"Huyu mwache. Huyu nitamkaza mwenyewe."

"Utajuaje kama sauti imekaa?"

"Nitakupigia simu, nikupigie na yeye. Wewe utaniambia." Akafikiri kidogo. "Jumamosi, baada ya chai."

"Sawa, baba."

Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi sita. Uzi wa pili ulikuwa umeshuka kidogo. Mkono wangu uliinuka wenyewe, ukafika karibu na vifungio, ukasimama. Baba alikuwa ameinamisha sikio, anautafuta uzi ule. Niliurudisha mkono mapajani, nikaushika kwa mwingine.