Maua Yasiyofuliwa

Watu wengine wakifika kisiwani huvua viatu. Yeye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akainama kwenye kichaka cha haibiskasi nje ya mapokezi ya hoteli na kubinya ua moja kwa ukucha. Ua likatoa maji. Akashtuka, akaficha kidole mfukoni kama mtu aliyefumaniwa akidokoa nyama jikoni.

"Umefanya nini?" mkewe akauliza.

"Nilikuwa naangalia kitambaa."

Alikuwa fundi mapambo wa kumbi za harusi, na miaka yote ya kazi yake maua aliyoyajua yalikuwa ya kitambaa na plastiki: unayafua kwa sabuni ya unga, unayaanika kwenye kamba, na Jumamosi yanarudi ukumbini kama hayajawahi kuona harusi. Mjini kwao walimwita Bwana Maua. Jina alilipenda, akalichapisha hadi kwenye fulana. Sasa, mbele ya kichaka kizima kilichochanua bila waya wala gundi, alijiona kama mpishi maarufu ambaye hajawahi kuona moto.

Safari hii haikuwa ya starehe tu. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na alikuwa amepewa nafasi ya kuhamia hospitali ya mji wa mbali. Hakuwa amejibu. Alimweleza mumewe wakiwa mezani, bila kupandisha sauti: "Watoto wameshaondoka nyumbani. Tumebaki wawili, na mwisho wa wiki nabaki peke yangu. Twende mapumziko nikutazame vizuri. Kama bado nina mume, nitabaki. Kama nina fundi anayekuja kulala tu, naenda zangu." Huko waendako, akaongeza, hataki kusikia habari ya harusi ya mtu yeyote. Mume akaapa. Kuapa hakukumpa shida, maana alikuwa ameshiba na hapakuwa na ua karibu.

Kwa kweli alijitahidi. Asubuhi walitembea kwenye kijia cha ufukweni, bahari upande mmoja na uzio wa bogenvilia upande wa pili, mkewe akiwa ameshika kandambili mkononi na kuacha maji yamlambe miguu. Kulikuwa na harufu ya asumini iliyokuja na kupotea. Yeye alitembea mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule, ili isiguse kitu.

"Haya, kati ya haya yote lipi zuri?" mkewe akamuuliza.

"Lile la zambarau," akajibu, na angeishia hapo angekuwa mume wa mfano. "Ila rangi ile ukiifua inachuja."

Mkewe akasimama. "Nani anafua bogenvilia, baba watoto?"

Akajicheka, na mkewe naye akacheka, akamshika mkono. Kicheko kile kilimpa moyo. Alimpenda mke wake, hilo halikuwa na mjadala. Tatizo ni kwamba alimpenda huku akiangalia pembeni. Hata bahari aliitazama akaiona inataka kupigwa pasi, lakini safari hiyo alinyamaza, akajipongeza kimoyomoyo kwa ujasiri wa kunyamaza.

Kesho yake asubuhi mkewe alitoka kuoga akiwa na uso mwepesi. "Leo twende mpaka kule kwenye miamba," akasema. "Tukifika nina jambo la kukuambia."

Mumewe alijua ni jambo gani, na kwa jinsi mkewe alivyomtazama alihisi ni la heri. "Vaa taratibu," akamwambia. "Nakimbia dukani kutafuta dawa ya mbu, narudi sasa hivi."

Dawa ya mbu alikusudia kweli kuitafuta, tumpe haki yake. Lakini njia ya dukani ilipita ufukweni, na ufukweni palikuwa pamepangwa viti vya harusi ya jioni. Mbele ya viti kulikuwa na tao limeegemea upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu, na chini yake dada mmoja mwenye pini mdomoni, karibu kulia. Boksi lake moja la maua lilikuwa limebaki bandarini.

"Pole na kazi," Bwana Maua akasema. Hapo ndipo mtu mwenye akili huendelea na safari yake. Lakini mdomo wake ulipokuwa ukisema pole, mikono ilikuwa imeshashika waya.

Wakanyoosha tao. Mtunza bustani alikuwa anapunguza uzio wa haibiskasi, wakamwomba matawi, naye akawapa kwa mikono miwili. Bwana Maua akachomeka maua mekundu, makubwa, mabichi, moja baada ya jingine, na furaha ikampanda hadi kooni. Hakuwahi kupamba kwa kitu chenye uhai. Alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akarudi mbele, akasogeza ua upana wa kidole. Mkewe alimtoka akilini kabisa, kama hajawahi kuoa.

Aliporudi jua lilikuwa la utosi. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chumba chao, kofia kichwani, simu mkononi.

"Dawa ya mbu imepatikana?"

"Imeisha dukani."

"Pole," mkewe akasema. "Jua limekuwa kali, tutatembea jioni." Hakuuliza zaidi, na mumewe, kwa ile akili yake iliyomfikisha alipofika, akaamini ameponea.

Jioni wakashuka ufukweni, na hapakuwa na njia ila kupita kando ya harusi. Bwana Maua aliinua macho kwa siri kutazama kazi ya mikono yake. Maua yote yalikuwa yamejifunga, kama ilivyo desturi ya haibiskasi jua likishuka. Yalining'inia kwenye tao kama miavuli iliyokunjwa, na upepo ukija yalidondoka, moja baada ya jingine, juu ya bibi harusi. Bwana harusi alikuwa anayaokota kwenye shela yake. Fundi wa watu alibaki ameduwaa. Katika dunia yake, ua likishafunguliwa halijifungi mpaka gundi iachie.

Yule dada wa pini akamwona. "Baba," akamwita, mbele ya wageni, "njoo uone maua yako."

Mkewe akalitazama tao, akamtazama yeye. "Ndiyo dawa ya mbu hiyo?"

Wakatembea mpaka sauti za harusi zikabaki nyuma.

"Asubuhi nilitaka kukuambia nimeamua kubaki," mkewe akasema. "Nilivaa kofia, nikakaa pale kwenye ngazi. Nikakusubiri, nikakusubiri. Mwishowe nikampigia matroni wa ile hospitali ya mbali, nikamwambia nakubali. Naanza mwezi ujao."

Ilimuuma, na aliona wazi kwamba kisu alikinoa mwenyewe. "Nitakwenda nawe," akasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Wakaendelea kutembea, mawimbi yakija na kurudi. "Sasa hivi unawaza nini?" mkewe akauliza.

Angeweza kudanganya, lakini uongo wa siku hiyo aliona unatosha. "Nawaza lori. Yale maboksi ya maua kule stoo, na nguzo, na vitambaa vya meza. Sijui kama vitaenea kwa safari moja."

Mkewe alicheka mpaka akakaa mchangani. Alicheka akajifuta macho kwa mtandio, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

"Njoo bila maboksi," akasema. "Uje wewe tu."

Alitaka kusema ndiyo papo hapo, na alisema. Ila alikawia kidogo, na mkewe, ambaye kazi yake ni kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto ambao hawajazaliwa, alikusikia kule kukawia.