Uzi Usiopigwa Fundo

Tangu kiwanda cha mji wa Dalpo kianze kuuza ndege zake za kivita ng'ambo, kichwa cha nguruwe kilipigwa marufuku. Zamani kila ndege mpya, kabla haijaruka, mafundi waliiandalia meza ya tambiko mbele ya pua: kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele, pombe ya mchele, na watu wote kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi wakapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Wahandisi waliosoma mpaka basi, nao waliinama. Halafu wakaja wateja, maofisa wa jeshi la nchi moja ya kusini, watu wasiokula nguruwe, na mkurugenzi akasema meza ile itawakera wageni, isionekane tena. Sawa, nguruwe aondoke. Lakini mkurugenzi hakuweka kitu kingine badala yake, na hapo ndipo alipoharibu. Huwezi kumnyang'anya mtu kinga yake halafu ukamwambia afanye kazi kwa amani.

Tak Deok-sun, fundi wa nyaya, hakuwa na amani hata chembe. Ndege mpya, ile iliyoboreshwa ili wageni wanunue zaidi, ingerushwa mbele yao na mdogo wake, Gyu-hwan. Mama yao alifariki Gyu-hwan akiwa bado ananyonya, na ni Deok-sun aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa mshahara wa kiwandani. Mtoto alipokua akaona kazi zote duniani hazimfai isipokuwa kujaribu ndege ambazo hazijawahi kujaribiwa. Kila alipopaa, dada mtu alikaa roho juu mpaka magurudumu yaguse chini. Mara nyingine alijifungia chooni asione.

Basi siku moja kabla ya maonyesho, wakaguzi walipokwisha kumaliza kazi yao na wenzake wakaenda kula, alifanya jambo ambalo fundi halifanyi. Alifungua kifuniko kilicho nyuma ya kiti cha rubani, akaingiza samaki mkavu mdogo, kama yule ambaye watu wa kwao humweka kwenye gari jipya, macho wazi ili alinde. Akamlaza juu ya fungu la nyaya na kumviringishia uzi mweupe wa hariri, mizunguko mingi, bila fundo. Uzi ule ni maisha ya mtu, na ukiupiga fundo umeyakatisha. Ndivyo bibi yake alivyomfundisha, na ndivyo kila nyumba ya Dalpo inavyofanya. Huyu mwanamke aliyefunga maelfu ya nyaya katika ndege ile, na kila moja akaivuta kuhakikisha imekaza, kitu hiki kimoja akakiacha hivi hivi. Akarudisha kifuniko, akaenda nyumbani, akalala usingizi mnono.

Asubuhi kwenye kikao, mkuu wa marubani akatangaza kwamba wageni wameomba kitu cha ziada. Wangependa kuiona ndege ikiruka chali, tumbo juu, chini chini mbele ya hema lao. Gyu-hwan amekubali.

Deok-sun akaukumbuka uzi wake. Ndege ikiruka chali, chochote kisichofungwa huanguka kuelekea juu. Na nyuma ya kifuniko kile kuna feni inayopoza kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoendesha mabawa. Rubani wa ndege kama ile haendeshi bawa kwa mkono wake. Anaiomba kompyuta, nayo inatenda. Uzi ukiingia kwenye feni, feni itasimama, kompyuta itaungua, na mdogo wake atakuwa kichwa chini, ardhi iko hapo hapo usoni pake. Alikuwa amemtilia mtoto wake mauti mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Akatoka mbio kumtafuta. Akamkuta anapeana mikono na wageni, mkurugenzi kando yake anameremeta kwa furaha. Gyu-hwan akamwona, akamsogelea.

"Dada, mbona umepauka hivyo? Anayeruka ni mimi, siyo wewe."

"Gyu-hwan..."

"Kapike ile supu yako ya mkia. Nikitua nataka nikute bakuli mezani." Akampigapiga begani, akaenda zake kuvaa. Wageni walikuwa wanatazama, mkurugenzi alikuwa anatazama, na mbele ya macho yale yote Deok-sun hakuweza kutamka neno samaki.

Akamwendea Pyo Seong-gil, mkuu wa sehemu yao. Pyo alikuwa na mdomo mchafu kuliko watu wote kiwandani; aliwahi kumtukana fundi mpaka fundi akasahau njia ya kwao. Deok-sun alimweleza yote kando ya makabati ya vifaa, huku anasubiri kutapikiwa matusi. Hayakuja. Pyo aliuliza kwa sauti ndogo ni samaki gani, amemweka wapi, na kama uzi ameufunga.

"Sikuufunga, mkuu. Wewe mwenyewe unajua haufungwi."

Pyo akajifuta uso kwa kiganja. "Hatoki. Wakiwekwa vizuri hawatoki."

"Unajuaje?"

Pyo akageukia mambo ya biashara. Akaanza kumwambia kwamba ndege ikisimamishwa mbele ya majenerali kwa sababu ya samaki, dunia nzima itacheka, biashara imekufa, na Dalpo nzima inakula kwa kiwanda hiki. Mwisho akamshika mkono.

"Nyamaza, Deok-sun. Nakuomba."

Kuombwa na Pyo kulimtisha kuliko matusi yake yote. Kwa nini mtu kama yule aombe?

Injini ikawaka. Ndege ikaanza kujongea kutoka bandani kuelekea njia ya kurukia, na kila ilipopita kwenye kiungo cha sakafu ilitikisika kidogo, naye Deok-sun akauona uzi ule moyoni mwake ukilegea. Pale uwanjani kuna sheria moja tu isiyomjali mkubwa wala mdogo: yeyote atakayesimama mbele ya pua na kupishanisha mikono juu ya kichwa, rubani anazima injini bila kuuliza. Hakuna aliyewahi kuitumia mbele ya wageni. Deok-sun alitamani mtu mwingine aone kitu, mvua inyeshe, chochote kile, isipokuwa yeye. Kisha akapiga moyo konde, akatembea mpaka mbele ya ndege, akainua mikono na kuipishanisha.

Injini ikazimika. Ikawa kimya mpaka bendera za wageni zikasikika zikipigwa na upepo.

Kioo kikafunguka. "Dada, una nini?"

"Shuka. We shuka tu, tafadhali."

Deok-sun akawaonyesha wakaguzi kifuniko, wakakifungua. Samaki hakuwa alipowekwa. Alikuwa ameteleza mpaka chini, na ncha ya uzi ilikuwa imeshajizungusha kwenye mhimili wa feni. Mkaguzi akajaribu kuisukuma feni kwa kidole. Haikuzunguka. Na hapo ndege haijaenda popote, imejongea tu kidogo sakafuni. Gyu-hwan alimtazama yule samaki, akaishika ngazi kwa mikono miwili, utani wote umemwisha.

Mkurugenzi alifika na uso wa moto, akauliza kwa mnong'ono ni nani. Deok-sun akainama na kusema ni yeye. Akaambiwa avue kitambulisho cha kazi, akakivua bila uchungu wowote. Mdogo wake amesimama ardhini, basi. Ndipo Pyo alipotoka nyuma ya watu, akapiga magoti sakafuni.

"Zile sita tulizowapelekea wageni mwaka jana," alisema. "Ziliondoka bila meza, bila chochote, na vijana wa watu wangezipanda. Sikuweza kuvumilia. Niliweka samaki kwenye kila moja. Mahali hapo hapo."

Hakuna aliyemuuliza kama alipiga fundo. Wote walikuwa watu wa Dalpo.

Jenerali wa wageni alikuwa amesogea, anauliza kuna tatizo gani, na mkalimani anamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikazia macho viatu vyake. Deok-sun akamgeukia mkalimani.

"Mwambie apige simu kwao sasa hivi. Zile sita zisiruke tena. Mpaka leo zimeruka kwa bahati tu."

Mkalimani akaeleza, na akaeleza kwa nini. Jenerali alimtazama Deok-sun, akamtazama samaki mkononi mwa mkaguzi, akatazama saa yake. Akatoa simu, akakosea kubonyeza, akabonyeza tena, na huku akisema maneno machache ambayo mkalimani aliyatafsiri kwa shida.

"Anasema saa hii mbili ziko angani. Moja ni ya mwanawe."

Simu ikaanza kuita. Wote walisimama pale wakiisikiliza, na huko ng'ambo hakuna aliyepokea.