Sauti ya Abdunoor Imo Kwenye King'amuzi

Abdunoor alikuwa akipiga mswaki nyumbani kwake Old Kampala sauti yake ilipohamia kwenye king'amuzi. Miaka mingi alikuwa ameshika maikrofoni katika kibanda cha video pale Kalerwe, akitafsiri filamu huku zikienda na kutia chumvi apendavyo. Kisha televisheni ya kulipia ikaingia kila nyumba, kibanda kikafungwa, na chaneli ya filamu ikamwita akarekodi. Alitia sahihi kwa furaha. Hakuuliza yeye mwenyewe angebaki na nini.

Mkewe, Maimunah, alizoea upesi. Akimuuliza kama atakunywa chai, jambazi wa filamu ya Kihindi kwenye televisheni huacha kufyatua risasi na kujibu kwamba atakunywa, ila sukari iwe kidogo. Malipo ya mwezi yakiisha nyumba hunyamaza, na Maimunah humkumbuka mumewe aliyeketi mbele yake. Waliomba sauti irudishwe. Chaneli ikajibu kwa adabu kwamba ni mali yake.

Tabu ilikuja binti yao, Zulaikha, alipochumbiwa. Baba ndiye amwozeshaye bintiye, kwa maneno ya kinywa chake. Sheikh Rajab, mtu asiyependa makuu, aliona ni jambo dogo.

"Mzee atikise kichwa tu. Inatosha."

"Kichwa ya baba naona kila siku, Sheikh," alisema Zulaikha. "Mimi nataka aseme."

Basi siku ya ndoa televisheni iliwekwa mkekani katikati ya wazee. Ilikuwa filamu ya Kichina, ngumi tupu. Abdunoor akamshika mkono bwana harusi, Sulaimani. Mtawa mwenye upara akashusha ngumi yake, akawageukia wageni.

"Sulaimani, nimekuoza binti yangu Zulaikha."

Sulaimani akakubali. Mtawa akapigwa teke, filamu ikaendelea, na pilau likaletwa. Abdunoor alilia bila sauti, na hakuna siku aliyowahi kufurahi kama ile.

Maneno yale yalibaki ndani ya filamu, nayo ikapendwa. Lusaka na Accra, watu wasiomjua Zulaikha huitikia amina. Chaneli ilipoona hivyo ikaihamishia kwenye kifurushi cha juu, ambacho Abdunoor hana. Kwa hiyo inaporudiwa, yeye na Maimunah huvaa nguo zao za harusi na kwenda kwa jirani yao Oketch, aliye nacho. Huketi mbele kabisa. Mtawa akishusha ngumi, Abdunoor husogeza midomo pamoja naye, na hajawahi kukosea neno.