Santuri ya Bi Time

Katika nyumba ya Hamad, pale Mkunazini, kulikuwa na chumba cha kati ambacho mkewe, Wanu, alikipita upande upande, mgongo ukisugua ukuta wa pili, utadhani ndani mmefungwa mbwa mkali. Hamkuwa na mbwa. Mlikuwa na meza, makabati ya santuri yaliyojaa mpaka juu, na gramafoni la kuzungusha kwa mkono lililokaa juu ya kigoda chake karibu na mlango. Na katika santuri zote zile, moja tu ndiyo iliyokuwa ikimtetemesha: santuri ya Bi Time.

Bi Time alikuwa mama yake Hamad, Mungu amrehemu. Zamani hizo, Hamad akiwa bado anatambaa, mwanamke huyo alipanda meli akaenda Bombay pamoja na wapiga udi na fidla, akaimba, sauti yake ikatiwa katika sahani nyeusi. Sahani zilizorudi Unguja zilikuwa chache, na hizo chache zikapotea moja moja: nyengine zilivunjika bandarini, nyengine zilichakazwa na sindano maharusini mpaka zikawa zinakwaruza tu, nyengine watoto walizivingirisha uani. Hata kufika miaka hii ya hamsini, wakusanyaji wa santuri kutoka Lamu mpaka Tanga walikuwa wakiulizana, ni nani aliyebaki nayo? Aliyebaki nayo ni Hamad. Nzima, haina ufa, na karatasi nyekundu ya katikati bado inasomeka jina.

Watu wa santuri mnawajua nyinyi? Ni watu wazima, wana kazi zao na ndevu zao, lakini mtajie mmoja wao sahani aliyonayo mwenzake na yeye hana, utamwona chakula hakishuki. Hamad, karani wa forodha, mtu mpole na mcheshi barazani, alikuwa vivyo hivyo na kuzidi. Upole wake uliishia kwenye mlango wa chumba kile.

Wanu alikuwa ameshaachwa mara mbili na mume huyo huyo. Talaka ya kwanza ilitoka mwaka wa mwanzo wa ndoa, kwa maneno ya upuuzi ambayo hata wenyewe baadaye hawakuyakumbuka, na eda haijafika mbali Hamad akaenda Chwaka kwao mke kumrejea, machozi yanamtoka. Ya pili ilikuja kwa santuri. Wanu aliona sahani moja ya Misri imepiga vumbi, akaipangusa kwa kitambaa alichotoka kufutia sakafu, chenye chembe za mchanga, akaichubua yote. Hamad alirudi kazini, akaipiga, akasikia mkwaruzo, akamwacha mkewe papo hapo hata viatu hajavua. Akamrejea tena. Lakini safari hii kurejea kulikuja na kiapo.

Alikiapa amesimama kando ya dirisha, sauti juu, mpaka jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Bi Mwatum, akasikia kila neno.

"Wanu, nnakwambia mbele ya Mungu. Santuri ya mama ukiigusa, kwa mkono au kwa kitambaa, ukiisogeza au ukimtuma mtu aisogeze, basi huna ndoa. Na hiyo ndiyo ya tatu."

Ya tatu haina kurejea. Baada ya ya tatu mwanamke ni haramu kwa mume yule mpaka aolewe na mwengine, akae naye kweli kweli, kisha na huyo amwache. Mji mzima unalijua hilo tangu chuo cha Kurani. Na kiapo cha namna ile hakingoji karatasi wala mashahidi. Kinakaa kimetegwa, na siku sharti lake likitimia kimefyatuka, mwenye kuapa yuko au hayuko.

Basi fikiria mwenyewe. Unapika, unafua, unalala, na ndani ya nyumba yako kuna kitu ambacho ukikigusa tu, mume wako si mume wako. Wako watakaouliza kwa nini alikaa. Alikaa kwa sababu alimpenda. Alimpenda Hamad alivyokuwa akimwigiza mkubwa wake wa forodha mpaka mbavu zikamuuma kwa kucheka. Alimpenda anavyokuwa jioni, santuri ya mama yake inapozunguka: anafumba macho, anainamisha kichwa, na uso wake wa kikarani unakuwa uso wa mtoto. Hakuwa na picha ya mama yake. Sura yake haikumbuki. Alichoachiwa ni sauti ile, na Wanu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mvua imeshika tangu alfajiri. Kulikuwa na mgeni anatarajiwa, Bwana Masoud wa Mombasa, mkusanyaji mashuhuri, aliyevuka bahari kwa ajili ya kuisikia sahani ile kwa masikio yake. Alikwisha andika kwamba yuko tayari kubadilisha nayo sanduku zima la santuri za Misri. Hamad hakuwa na nia ya kubadilisha hata kidogo. Alitaka kuhusudiwa tu, na kwa furaha ya kuhusudiwa, asubuhi kabla ya kwenda kazini aliitoa santuri kabatini, akaiweka peke yake katikati ya meza ndani ya bahasha yake, tayari kwa mgeni.

"Iko mezani," alimwambia mkewe. "Unajua."

"Najua," alijibu Wanu.

Baada ya adhuhuri alikuwa jikoni anakuna nazi aliposikia kitu kimeanguka. Hakikuwa kishindo kikubwa. Alifungua mlango wa chumba cha kati kwa ncha ya kidole, akaona pande la chokaa limepasuka sakafuni, karibu na mguu wa meza. Akainua macho. Dari lilikuwa na alama ya maji tangu masika yaliyopita, na Hamad, anayejua bei ya kila santuri kutoka hapa hadi Bombay, alikuwa bado anaahidi kumwita fundi. Sasa alama ile ilikuwa imefura, imening'inia, na boriti moja imepinda juu ya meza barabara.

Alikimbilia dirishani.

"Bi Mwatum! Bi Mwatum!"

"Naam, mwanangu!" Kichwa cha bibi kilichomoza upande wa pili.

"Dari linaanguka! Na santuri iko chini yake!"

"Santuri ipi? Ile?"

"Ile."

Bi Mwatum alishika kifua. "Nnakuja niichukue mimi," alisema, kisha akajikamata mdomo. "La! La, mwanangu, usinijibu! Ukinambia ndiyo umeshanituma. Toka humo ndani! Iache ivunjike. Atalia, atanyamaza. Toka, nnakwambia!"

Yalikuwa maneno ya busara, na laiti Wanu angeyafuata. Alitoka kweli, akafika mpaka ngazini. Hapo pande la pili likaanguka, na yeye akaona, kama anavyouona mkono wake, uso wa Hamad akiinama kuokota vipande vyeusi. Akarudi. Akaliteremsha sinia la shaba kutoka ukutani, akaingia chumbani huku anasoma kila dua aliyowahi kufundishwa, akasimama kando ya meza, akalinyoosha sinia juu ya santuri. Hakuigusa. Hata bahasha hakuigusa. Baina ya sinia na sahani aliacha nafasi ya kutosha, na alikuwa akiitazama nafasi ile kwa woga zaidi kuliko alivyolitazama dari.

Chokaa ilimiminika. Ilimwingia machoni, mdomoni, shingoni. Vijiwe viligonga shaba, na kila kilipogonga moyo ulimruka, kwa sababu sinia lilishuka kidogo na yeye hakuwa na hakika limeshuka kiasi gani. Alitaka kupiga kelele lakini aliogopa pumzi zake zisije zikaipeperusha bahasha, ikawa ameisogeza. Kwa hakika, kiapo kile kilikuwa kimemfikisha mahali pa kuogopa pumzi zake mwenyewe.

Kisha jiwe zima likatua. Sinia likamponyoka, likabingirika chini likilia, na juu yake boriti ikatoa mlio mrefu wa mti unaopasuka.

Kulikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu. Kiapo kilimpita kichwani chote, neno kwa neno, kwa sauti ya Hamad mwenyewe, mkono na kitambaa na kutuma, mpaka kwenye ya tatu. Akakisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaikamata santuri kwa mikono miwili, akaikumbatia, akaruka nje ya mlango, na dari likashuka juu ya meza likaisaga.

Hamad na mgeni wake walimkuta amekaa kwenye ngazi, mweupe kwa chokaa kuanzia kichwani, santuri mapajani. Hamad alichungulia chumbani, akaona fungu la mawe mahali palipokuwa na meza, akatoa sauti ambayo Wanu hajapata kuisikia kwa mtu mzima. Wanu alimnyooshea santuri.

"Alhamdulillahi!" Hamad aliipokea, akaichomoa, akaigeuza upande huu na upande huu kwenye mwanga. "Nzima! Bwana Masoud, tazama, haina hata mchubuko! Ewe Wanu, Mungu akupe umri! Umeiokoa!"

Wanu alimtazama machoni, anangoja. Aliingoja rangi ya uso ibadilike, akaungoja mdomo ufunguke. Havikuja. Hamad alikuwa akicheka, akiibusu sahani, akimvuta mgeni kwenda sebuleni, gramafoni lililofunikwa vumbi amelibeba kwapani. Na hapo ndipo Wanu alipotambua jambo lililomtia baridi kuliko kuanguka kwa dari: mwenye kuapa amesahau.

Alikaa nyuma ya pazia la ukumbini. Bi Time akaimba. Sauti nyembamba, ya mbali kidogo, inakawia kwenye kila neno kama mtu asiyetaka kuaga. Akinyamaza, nani atajua? Bi Mwatum hakuona kilichotokea baada ya maneno yao ya dirishani. Watakula pamoja jioni, watacheka, na Hamad atamgeukia usiku kama kawaida. Na kila usiku utakuwa haramu, na mtoto wakijaaliwa atakuwa wa haramu, na atakayejua peke yake katika ulimwengu huu ni yeye. Aliogopa kusema. Kisha aliwaza miaka ya kutosema, akaiogopa zaidi.

Upande wa pili wa pazia santuri ilikwisha. Bwana Masoud alikohoa kusafisha koo.

"Sitakuuliza tena habari ya kubadilishana," alisema. "Ni haki yako. Lakini mkeo huyo, Bwana Hamad, mtunze. Wangu mimi angekimbia akaiacha."

"Wanu?" Hamad alicheka. "Wanu simbadilishi kwa santuri zote za Mombasa na Misri juu yake."

Wanu aliuma ncha ya kanga yake mpaka meno yakakutana.

Mgeni aliposindikizwa, mvua ilikuwa imekatika na jua la alasiri linaingia ukumbini. Hamad alipanda ngazi mbili mbili, uso umenawiri, akaja moja kwa moja kumfuta mkewe chokaa kwenye shavu.

"Usiniguse, Hamad."

Mkono ulibaki hewani. "Umeumia?"

"Sikuumia. Ile santuri nimeigusa."

"Najua umeigusa, si ndiyo umei..." Akasita. Wanu aliliona neno likimfikia, likishuka kutoka machoni mpaka midomoni, mpaka magotini. Hamad alikaa chini sakafuni, hapo hapo, katika kanzu yake nyeupe.

"Nani kaona?" alinong'ona.

"Nimeona mimi."

Hamad alikuwa akihema mbio. Kisha akainua kichwa, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyetumbukia kisimani akaona kamba.

"Ulisahau," alisema. "Sikiliza, Wanu. Wanachuoni wanasema mwenye kulifanya jambo kwa kusahau, kiapo hakimpati. Dari linakuangukia, umeshtuka, umesahau. Twende kwa kadhi, akuulize, umwambie ulisahau. Basi, neno moja tu. Mke wangu, sema ulisahau."

Wallahi, Wanu alitaka kulisema. Neno lilikuwa dogo, lilikuwa ulimini, na mtu anayempenda alikuwa amekaa sakafuni anamwomba. Alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia.

"Natamani ningekuwa nimesahau," alisema. "Lakini tangu siku uliyoapa sijapata hata saa moja ya kukisahau, Hamad. Nikitia chumvi nakikumbuka. Nikilala nakiota. Leo chini ya dari nilikuwa nikikisoma kwa moyo, kama sura ya Kurani. Ungenitisha kidogo, pengine ningesahau. Ulinitisha sana."

Hamad alijifunika uso kwa viganja vyake. Wanu aliingia chumbani, akatoka na buibui lake. Alijitanda taratibu, kisha akashusha kitambaa cha usoni, mbele ya Hamad, kwa mara ya kwanza tangu walipooana, kama afanyavyo mwanamke mbele ya mwanamume asiye wake, akateremka ngazi kwenda kumgongea Bi Mwatum.